Kipimo Kilichojenga Jumba la Kioo

Maonyesho Makuu ya London yalifunguliwa Mei 1, 1851 ndani ya jumba la kioo na chuma lenye urefu wa futi 1,848, yaani mita 563 hivi. Agosti 1850, uwanja wake wa Hyde Park haukuwa na hata nguzo moja. Kamati ya ujenzi ilikuwa imepokea michoro 245 ikaikataa yote, na mchoro wake yenyewe ulidai matofali yapatayo milioni 15. Husimuliwa kwamba kilichookoa kazi ni kipaji cha Joseph Paxton, mtunza bustani wa Chatsworth, aliyechora wazo lake kwenye karatasi ya kukaushia wino. Mchoro huo ni wa kweli, lakini mchoro pekee hauinui paa. Kilichowahisha jumba ni kipimo: karibu kila kitu kilifuata ukubwa wa kioo kimoja.

Kioo cha kiwanda cha Chance Brothers kilikuwa na urefu wa inchi 49. Viwili vikiinamishwa na kukutana juu, vilifunika futi 8 za paa, kutoka mfereji hadi mfereji. Futi 8 mara tatu ni 24, na huo ndio ukawa umbali kati ya nguzo. Kwa hiyo wakandarasi Fox na Henderson waliweza kusubu nguzo na mihimili ya chuma kwa vipimo vilevile, kuipima nguvu mihimili papo hapo uwanjani, kisha kuipandisha bila kuchongachonga. Nguzo zilikuwa wazi ndani, zikateremsha maji ya mvua. Mifereji nayo ikawa njia ya vigari vya mafundi. Watu 80 waliweka vioo zaidi ya 18,000 kwa wiki moja.

Mtu atasema siri ilikuwa wingi wa vibarua, maana walifika 2,000 hivi. Lakini vipande vingetofautiana, wingi huo ungeleta msongamano tu. Mwingine ataonyesha tao kubwa la katikati, lililoongezwa ili miti ya Hyde Park isikatwe, kuwa lilivunja kanuni. La hasha: upana wake ulikuwa futi 72, yaani 24 mara tatu. Hoja nzito zaidi ni kwamba paa lilivuja, na mbao zake nyingi zilikuwa chakula cha moto. Ni kweli, na jumba liliteketea mwaka 1936. Hata hivyo, mkataba wa pauni 79,800 ulitaka jengo la muda, vifaa vikirudi kwa wakandarasi. Kwa sharti hilo lilifaulu: lilitenganishwa vipande vipande, likajengwa upya eneo la Sydenham kwa umbo kubwa zaidi, likapokea watu tena mwaka 1854. Sifa ya Paxton, basi, si kuchora haraka, bali kuchagua mapema kipimo ambacho kila fundi angeweza kukifuata.