Taa za Simba: Jinsi Boma la Kitengela Lilivyojibu Swali la Usiku

Mashirika hulipa pesa nyingi kufundishwa mbinu ya ubunifu inayoanza kwa mtumiaji: mwangalie anavyoishi, unda kielelezo cha bei nafuu, kijaribu, kikishindwa jiulize kwa nini, kisha unda kingine. Mfano wake ulio safi kuliko yote ninayoijua ulifanyika ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, upande wa Kitengela, na aliyeufanya alikuwa mtoto wa miaka 11.

Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1946. Ina kilomita mraba 117, nayo imezungushiwa ua kila upande isipokuwa kusini, ambako nyumbu na punda milia hutoka kwenda tambarare za Athi na Kaputiei mvua zinaponyesha. Simba huwafuata, na huko waendako kuna mazizi ya watu.

Mtoto huyo, Richard Turere, ndiye aliyekabidhiwa ng'ombe wa baba yake. Alianza na moto, akidhani simba wanauogopa. Mwanga wake uliwasaidia simba kuona vizuri ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba alikuja, akaiona, akarudi. Usiku wa pili akagundua kwamba haisogei, akaingia akaua.

Hapo ndipo ningependa wasimamizi wa miradi wasome polepole. Sanamu ilishindwa, lakini ilimwambia kijana jambo ambalo moto haukumwambia: simba huchunguza kama kitu kinatembea. Usiku mwingine alipozunguka boma akiwa na tochi, simba hawakuja. Sasa swali likawa limenyooka kabisa. Tochi itatembeaje usiku kucha bila mtu wa kuishika?

Alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola ya kuichaji, swichi, na balbu kutoka tochi zilizoharibika. Moyo wa mtambo ulikuwa kisanduku cha indiketa ya pikipiki. Kazi ya kisanduku hicho tangu kiwandani ni kukata umeme na kuurudisha ili taa iwake na kuzima, kwa hiyo hakuwa na haja ya kubuni saketi mpya. Balbu alizielekeza nje, simba wanakotokea. Taa zikiwaka na kuzima, simba hudhani kuna mtu anayezunguka zizi. Ubora mwingine hauonekani haraka: mtambo uliotokana na vipuri vya pikipiki unaweza kufunguliwa na fundi wa karibu. Teknolojia nyingi za misaada hufia hapo, kwa kukosa kipuri.

Bibi mmoja jirani aliyekuwa akipoteza mifugo aliomba awekewe taa. Kufikia mwaka 2013, Turere alipoeleza kazi yake kwenye jukwaa la TED huko California, alikuwa ameziweka katika boma saba za jirani. Uzito wa ugomvi huu kati ya simba na wafugaji ulikuwa umeonekana Juni 2012, wanakijiji wa Kitengela walipowaua simba sita kwa mikuki baada ya mbuzi kuliwa.

Je, taa hufanya kazi? Utafiti wa Francis Lesilau na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la PLoS ONE, ulionyesha kwamba mashambulizi ya usiku hupungua katika boma zenye taa. Ulionyesha pia kwamba mashambulizi ya mchana yalielekea kuongezeka. Swali la usiku lilijibiwa, nalo likahamia malishoni.

Kuna swali la tatu, la ardhi, na hapo kazi nzuri ilifanywa na watu wazima. Tangu mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi Kitengela uliwalipa wenye ardhi takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kulima, wanyama wapite. Kilichonivutia ni ratiba: malipo yalitolewa kwa awamu, yakilenga mwanzo wa mihula ya shule. Aliyepanga hivyo alijua mfugaji huuza ng'ombe, au kipande cha ardhi, karo inapodaiwa. Lakini bei ya ploti kandokando ya barabara ya Namanga ilipanda kupita chochote ambacho dola 4 zingeweza kushindana nacho, na nyua zikaongezeka.

Shirika linalotaka kubuni kitu Kajiado, kaunti iliyo na Kitengela, leo lianze na mchungaji wa mchana. Nani anachunga mifugo watoto wakiwa darasani? Simba hutokea wapi, saa ngapi, kwenye kichaka kipi? Lifuatane na mifugo msimu wa mvua na msimu wa kiangazi kabla ya kununua kifaa hata kimoja, na majaribio yaliyoshindwa yaandikwe kwa makini ileile aliyoitumia Turere kuisoma sanamu yake.