Mkono Makini, Kauli ya Kweli: Kuijua Akupancha Iliyo Bora

Akupancha ni tiba yenye asili ya China inayotumia sindano nyembamba zisizo na tundu wala dawa. Sindano hizo huchomwa kwenye nukta maalumu za mwili na kuachwa hapo kwa muda, mara nyingi kati ya dakika 15 na 30. Misingi yake imo katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, ambacho tayari kinataja aina 9 za sindano na kazi ya kila moja. Kwa mafundisho hayo, nguvu ya uhai iitwayo chi hupita mwilini kwa kufuata mikondo, na nukta ni mahali ambapo tabibu anaweza kuifikia. Shirika la Afya Duniani limeziweka nukta 361 katika orodha ya pamoja. Wanasayansi wa leo hawajaiona mikondo hiyo mwilini. Wao huieleza athari ya sindano kwa njia ya neva: ncha huamsha neva za ngozi na misuli, na ubongo huitikia kwa kutoa kemikali za kupunguza maumivu.

Tofauti hiyo ya maelezo haimzuii mtu mgeni kuitambua kazi nzuri. Ubora wa akupancha uko katika mambo mawili, mkono makini na kauli ya kweli, na yote mawili mgonjwa anaweza kuyapima akiwa amelala kitandani.

Mtihani wa sanamu ya shaba

Wachina wenyewe waliweka kipimo cha mkono mapema. Mwaka 1027, katika enzi ya nasaba ya Song, daktari Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu mzima, zilizotobolewa vitundu palipo na nukta. Maandishi ya baadaye yanaeleza jinsi zilivyotumika kuwatahini wanafunzi. Sanamu ilipakwa nta ili vitundu visionekane, kisha ikajazwa maji. Aliyelenga sawasawa aliona maji yakitoka. Aliyekosea, sindano yake iligonga shaba. Mtahiniwa alitakiwa kujua mahali pa nukta kwa vidole vyake, bila alama yoyote ya kumwongoza.

Kabla ya sindano ya kwanza

Kazi nzuri huanza kwa maswali. Tabibu makini huuliza maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, usingizi ukoje, na ni dawa zipi zinazotumika. Maswali mengine ni ya usalama na hayapaswi kurukwa: kama mgonjwa ni mjamzito, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama huzimia anapoona sindano, kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na kama amekula. Mwenye njaa au uchovu mwingi huweza kupata kizunguzungu, na kwa sababu hiyo ziara ya kwanza hufanyika vyema mgonjwa akiwa amelala.

Baada ya maswali huja uchunguzi. Katika utaratibu wa Kichina tabibu hutazama rangi ya ulimi na utando wake, halafu hupima mshipa wa kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, mkono mmoja baada ya mwingine. Kisha huigusa sehemu inayouma na kuibonyeza. Anayefungua pakiti ya sindano kabla ya kumgusa mgonjwa ameruka nusu ya kazi yake.

Sindano yenyewe

Sindano ya akupancha hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Unene wa kawaida ni kati ya milimita 0.16 na 0.30, na urefu unaotumika zaidi ni milimita 25 au 40. Ncha yake ni tofauti na ya sindano ya hospitali: ile ya dawa ina tundu na ukingo unaokata, ilhali hii ni kipande kizima chenye ncha iliyochongoka kwa upole, inayosukuma nyama pembeni bila kuikata.

Hapa hakuna nafasi ya kuvumilia kasoro. Sindano iwe ya kutumika mara moja tu, itoke kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na ifunguliwe mbele ya mgonjwa. Sindano zilizorudiwa zimewahi kueneza homa ya ini aina ya B. Tabibu hunawa mikono, na sehemu ya kuchoma huwa safi. Baada ya kazi, sindano huingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Sehemu ya sindano inayoingia mwilini haishikwi kwa vidole vitupu.

Mkono unavyofanya kazi

Nukta haitafutwi kwa rula. Kipimo chake huitwa tsuni, nacho ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Vidole vinne vikiunganishwa ni tsuni tatu. Mfano mzuri ni Zusanli, nukta ya mguuni inayotumika sana kwa matatizo ya tumbo. Tabibu hupima tsuni tatu kushuka kutoka chini ya pia ya goti, husogea upana wa kidole kimoja kwenda upande wa nje wa muundi, kisha huanza kubonyeza taratibu. Anatafuta kibonyeo kidogo, au mahali ambapo mgonjwa husema, "Hapo hapo." Vidole vikishatulia ndipo sindano hufuata.

Kupenya ngozi hufanyika haraka, kwa sababu ngozi ndiyo yenye uchungu. Sugiyama Waichi, tabibu kipofu wa Japani wa karne ya 17, anatajwa kuwa ndiye aliyeeneza matumizi ya kijibomba cha kuongozea sindano, ambacho bado kinatumika: sindano hukaa ndani yake na kugongwa kidogo kwa kidole. Baada ya ngozi, mkono hupunguza mwendo. Kinachotarajiwa ni hisia ya uzito, kubana, joto au ganzi inayotambaa, huku tabibu akihisi sindano imeshikwa na nyama. Maumivu makali au mshtuko kama wa umeme ni ishara kwamba sindano imegusa pasipostahili. Mkono mzuri huirudisha nyuma mara moja bila kungoja mgonjwa alalamike.

Kina na pembe hubadilika kulingana na mahali. Paja huruhusu kuingia ndani zaidi. Kifuani, mgongoni na kwenye bega juu ya pafu, ambako iko nukta iitwayo Jianjing, sindano huingia kwa kina kidogo na mara nyingi kwa kulazwa, kwa kuwa kosa linaweza kutoboa pafu. Kwa mjamzito, kwa desturi, nukta ya Hegu iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada huepukwa.

Wingi wa sindano si dalili ya ustadi. Kila moja iwe na sababu inayoweza kuelezwa kwa maneno machache. Mgonjwa asiachwe peke yake bila njia ya kuita, na mwishoni sindano zihesabiwe ili isibaki hata moja. Tone la damu au alama ndogo ya bluu ni jambo la kawaida.

Kauli ya kweli

Mwaka 1997 jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba akupancha husaidia kichefuchefu cha baada ya upasuaji na cha dawa za saratani. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2007 ulihusisha wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya miezi 6, asilimia 47.6 ya waliopata akupancha kamili walikuwa na nafuu, dhidi ya asilimia 27.4 ya waliopata matibabu ya kawaida. Hata hivyo, waliochomwa juu juu na nje ya nukta walifikia asilimia 44.2. Tabibu mwaminifu hayafichi matokeo hayo. Hutaja maumivu na kichefuchefu kwa uhakika wa kiasi, na hadai kuponya saratani, kisukari wala Virusi vya Ukimwi. Kamwe hamwambii mgonjwa aache dawa za hospitali, na mwenye maumivu ya kifua au aliyepooza ghafla humpeleka hospitali mara moja.

Elimu na usajili

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza saa 2,500 za mafunzo kwa asiye na elimu ya udaktari, na saa 1,500 kwa daktari. Kuuliza alikosomea tabibu ni haki ya mgonjwa. Nchini Tanzania, ambako timu za madaktari wa Kichina zilianza kufika katika miaka ya 1960, sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa huduma wa aina hii, na cheti cha usajili kinapaswa kuonekana.

Kupima matokeo

Kabla ya kuanza, tabibu na mgonjwa hukubaliana kipimo cha wazi: kuinama bila kushika kiuno, kulala bila kuamshwa na maumivu, au kupunguza vidonge. Baada ya ziara tano au sita kipimo hicho hurudiwa. Pakiwa na mabadiliko, tiba huendelea na ziara hupunguzwa polepole. Pasipokuwa na mabadiliko, tabibu bora husema hivyo waziwazi, husitisha sindano na kumwelekeza mgonjwa kwa uchunguzi mwingine.