Ukuta Usiojua Saruji

Fundi mwashi wa siku hizi akipelekwa Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe yaliyo kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, Kenya, jicho lake litatafuta saruji kwanza. Hataiona. Hata udongo uliokandwa wa kushikanisha mawe haumo. Kuta za maboma hayo zina kimo cha mita 1.5 hapa na 4.5 pale, unene wake kwa wastani ni mita moja, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi kwa uzito wake zenyewe na msuguano wa jiwe na jiwe.

Ukuta una matabaka matatu. Uso wa nje na uso wa ndani zimepangwa kwa mawe yaliyochaguliwa, kila jiwe likikalia maungio ya wenzake wa chini. Katikati pameshindiliwa mawe madogo. Ukiyatazama haraka utayaita kifusi, kumbe ndiyo moyo wa kazi: yanaziba mianya, yanazizuia nyuso mbili zisiangukiane zinapolemewa, na yanayaacha maji ya mvua yapite zake. Maji yasiponaswa ndani hayana cha kusukuma.

Mawe yenyewe hayakuchongwa. Kule Great Zimbabwe mafundi walipasua mawe ya itale wakapata vipande vinavyokaribiana ukubwa, wakavipanga mistari kama matofali. Huku Nyanza Kusini, iliko Thimlich, fundi aliokota alichokikuta, akakigeuza mkononi mpaka akauona upande unaokubali kukaa. Kwa mawe ya maumbo holela namna hiyo, ukuta mrefu ulionyooka ungelala chini upesi. Kwa hiyo ulipindwapindwa, na kila baada ya hatua chache ukaongezewa tegemeo la mawe. Simamisha karatasi wima, itaanguka. Ikunje mara mbili tatu, itasimama yenyewe. Hesabu ni hiyo hiyo.

Malango ni mafupi, yamefunikwa juu kwa mabamba ya mawe. Anayeingia huinama na kutanguliza kichwa. Mwizi wa mifugo angefikiria mara mbili.

Je, ndani palibadilika vipi? Walioanza kujenga hudhaniwa kuwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Wajaluo walikuja baadaye, wakayakuta maboma, wakahamia, wakayatengeneza. Yasikilize majina ya sehemu zake: Kochieng, Koketch, Koluoch. Kwa Kijaluo ni kwa Ochieng', kwa Oketch, kwa Oluoch. Ni kama jengo la mtaani linaloitwa kwa jina la mwenye duka wa mwisho, huku aliyeweka jiwe la kwanza hakumbukwi na mtu.

Nyumba za ndani zilikuwa za fito, udongo na nyasi. Hizo ndizo zilizokuja na kuondoka: baba akafa, mwana akajenga yake, paa likaoza, zizi likahamishwa. Leo kilichobaki ni alama za duara zilizodidimia ardhini. Ukuta nao ulikuwa ukibadilika, ila kwa namna isiyoonekana, maana jiwe lililoanguka lilirudishwa lilikotoka. Wageni huusifu kwa ugumu. Mimi naona umeponea kwenye wepesi wa kutengenezwa. Hakuna cha kununua, hakuna cha kusubiri kikauke, na mtu yeyote mwenye mikono na subira anaweza kujifunza kwa kumtazama mzee wake.

Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakazi walikuwa wameondoka. Hofu ya kuvamiwa ilikuwa imepungua, na Mjaluo akifikia umri wa kuwa na dala, yaani boma lake, hutoka kwa baba yake akaanzisha lingine. Ua wa ojuok, yaani mnyaa, ulitosha, nao huota wenyewe. Nani tena abebe mawe?

Hapo ndipo ukuta ulipoanza kuzeeka kweli. Thimlich maana yake ni msitu mnene wa kutisha, na msitu huo ulidai haki yake: mizizi ikajipenyeza kwenye mianya, mifugo ikapanda juu. Ukuta wa mawe makavu hufa kwa utaratibu. Jiwe la juu likitoka, mawe madogo ya katikati hushuka, uso wa nje hutoa tumbo, kisha siku moja ya mvua tumbo hupasuka.

Serikali iliitangaza Thimlich kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 iliingia katika orodha ya World Monuments Fund ya maeneo yaliyo hatarini, na mwaka 2018 UNESCO ikaiandika katika Urithi wa Dunia. Lakini katika ukanda huu wa Ziwa Victoria wataalamu wamehesabu majengo 521 ya aina hii, katika maeneo 138. Mengi hayana mlinzi wala kibao.

Anayekarabati hushawishika kutia saruji kidogo tu, pale palipolegea. Ni kosa. Kipande kilichoganda hakisogei tena wakati majirani zake wanaendelea kusogea kidogo kidogo, maji hunaswa nyuma yake, na ufa mpya huzuka pembeni. Kazi ya kweli huanza kwa picha, kisha kwa kulichunguza rundo lenyewe, kwa kuwa mawe yaliyoanguka kwa kawaida hulala karibu na mahali yalipokuwa. Kibarua mwenye bidii akiyakusanya yote kona moja ili uwanja upendeze, amefuta ramani.