Uzuri wa Mkakasi: Kinanda cha Santuri na Haki ya Shairi

Katika miaka ya karibuni imerudi hamu ya vinanda vya santuri. Vyombo vilivyokuwa vimetupwa darini na stoo vinanunuliwa tena, vinasuguliwa, vinapakwa vanishi na kuwekwa sebuleni mahali pa heshima. Hamu hii ni njema, na mafundi wanaoishughulikia wanastahiki shukrani, maana lau si wao vyuma vingi vingeliwa na kutu ya hewa ya bahari. Lakini kila sanaa ina mizani yake, na ufufuzi wa vyombo hivi aghalabu husifiwa kwa macho: mbao imeng'aa, shaba imetakata, nembo imesomeka. Wahenga walikwishaonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kinanda cha santuri ni msomaji, na msomaji hupimwa kwa alivyosoma.

Kwa watu wa mwambao, jambo hili halimo katika hesabu ya anasa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay kuirekodia kampuni ya Gramophone, na sahani zao zikatoka na nembo ya His Master's Voice. Shaaban Robert aliandika wasifu wa mwimbaji huyo, kwa hiyo maisha yake yamehifadhika kwa wino. Sauti yake haikuhifadhika hivyo. Imo katika mifereji myembamba ya sahani nyeusi, zilizotengenezwa kwa maada ile ile iliyozaa lakiri, ambayo ni utomvu wa mdudu wa India, ikachanganywa na unga wa mawe. Haitoki humo mpaka pawe na chombo cha kuitoa, na chombo hicho kikikosea, mashairi aliyoyaimba hukosewa pamoja naye.

Wapenzi wa ushairi wanaijua mashaka ya namna hii kutokana na miswada ya kale. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani kuandikia tenzi, hazikutenganisha vizuri *e* na *i*, wala *o* na *u*, na mara nyingi msomaji alibidi aamue mwenyewe kama neno lina *b* au *mb*. Ndiyo maana mhariri wa diwani huheshimiwa: hulinganisha nakala, huchagua, na hueleza kwa nini amechagua. Fundi wa kinanda cha santuri hufanya kazi ya jamaa moja na hiyo, hata kama mwenyewe hajaiita hivyo. Ila iko tofauti moja kubwa. Msomaji mbaya wa muswada huondoka na kuuacha wino pale pale. Kinanda kibaya husoma huku kinafuta. Kila sindano mbovu inapopita, hukwangua kidogo katika kile kilichobaki, na sahani nyengine za zama zile hazina nakala nyingi duniani.

Kosa la kwanza ni la mwendo. Sahani za zamani huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini jina hilo ni la makadirio. Kipimo kilichokuja kukubaliwa kilikuwa 78.26 katika nchi zenye umeme wa mitetemo 60 kwa sekunde, na 77.92 katika nchi za mitetemo 50, na sahani za mwanzo zilipishana hata zaidi ya hapo. Kinanda kikipungukiwa na mizunguko minne tu, sauti hushuka karibu nusu toni. Makubwa zaidi hutokea kwa vinanda vilivyoletwa kutoka Marekani. Vingi katika vile vya zamani vina mota inayofuata mitetemo ya umeme, nayo huko ni 60, ilhali Afrika Mashariki ni 50. Mwenye chombo hununua transfoma akadhani amemaliza, kumbe transfoma hupunguza volti na mitetemo ikabaki ile ile. Mizunguko 78 huwa 65, wimbo hushuka nusu toni tatu, na sauti ya mwanamke hukaribia ya mwanamume. Msikilizaji asiyejua atasema mwimbaji wa zamani alikuwa mzito na mchovu, na kumbe uchovu ni wa chombo.

Kosa la pili ni la sindano. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana. Ncha inayoufaa ina nusu kipenyo cha takriban maikroni 75, na ile ya sahani ndefu za plastiki, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, ni kama maikroni 25 au pungufu ya hapo. Ncha nyembamba ikitiwa katika mfereji mpana huanguka hadi chini, penye vumbi na masalia ya kila sindano iliyopita, ikawa inasoma taka badala ya kuta zilizobeba sauti. Fundi mwenye maarifa huwa na ncha za ukubwa mbalimbali. Pale ukuta ulipolika kwa kupigwa sana, huchagua ncha itakayogusa juu kidogo au chini kidogo, mahali ambapo sindano za zamani hazikufika. Hapo ndipo ufundi unapokuwa uhakiki hasa, maana ni sawa na kuugeuza muswada uliofifia kwenye mwanga mpaka herufi ionekane.

Kosa la tatu halionekani kwa jicho, nalo ndilo linalouumiza ushairi zaidi. Mwaka 1954 kampuni za Marekani zilianza kuafikiana juu ya kanuni moja, iitwayo RIAA, ambayo baadaye ilienea duniani. Kwa kanuni hiyo sauti za juu hukuzwa wakati wa kurekodi, na hupunguzwa kwa kadiri ile ile wakati wa kupigwa. Amplifaya yenye tundu la kinanda hufanya upunguzaji huo bila ya kuuliza sahani ni ya mwaka gani. Sahani nyingi za zama za 1928 hazikukuzwa namna hiyo. Zikipitishwa hapo hukatwa kisichokuwa na ziada, takriban desibeli 14 kwenye mitetemo 10,000 kwa sekunde. Na huko juu ndiko zinakokaa *s*, *sh*, *f* na *th*. Irabu husalimika, muziki husikika vizuri, hata msikilizaji akafurahi, lakini *fika* na *shika* zimekuwa neno moja. Kwa muziki mtupu hasara hiyo huvumilika. Kwa shairi lenye vina, ambalo uzuri wake wote umetundikwa kwenye silabi ya mwisho, huko ni kuvuliwa nguo.

Kwa mizani hiyo, vyombo vinavyosifiwa sana vinaweza kuhukumiwa upya. Garrard 301, iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950, inastahiki sifa zake. Ina mizunguko yote mitatu, ina breki ya sumaku ya kurekebisha mwendo, na kijigurudumu cha mota hubadilishwa kulingana na mitetemo ya umeme wa nchi. Udhaifu wake umo katika gurudumu la mpira linaloizungusha sahani. Mpira ukikauka au ukiingia bapa, mngurumo hupanda hadi kwenye sindano. Fundi anayeng'arisha rangi na kuliacha gurudumu hilo hajafufua kitu. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ni hodari kwa mwendo usioyumba, lakini ina mizunguko 33 na theluthi na 45 tu. Kwa taarabu za sahani ndogo ni mwalimu mzuri. Kwa sahani za 1928 ni bubu.

Gramafoni ya kutia ufunguo, mfano wa HMV 102, ndiyo inayopendwa zaidi na macho, na ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kichwa chake huilalia sahani kwa uzito unaozidi gramu 100, ilhali sindano ya leo ya kusomea sahani za 78 huhitaji gramu chache tu. Sindano yake ya chuma ilikusudiwa itumike upande mmoja kisha itupwe. Mwenye kuitumia mara kumi ameshika patasi. Mgala muue na haki yake umpe: chombo hicho hufanya kazi bila ya umeme, na sauti inayotoka kwenye pembe yake ina ukaribu ambao spika nyingi hazina. Basi kiachiwe sahani zenye nakala tele, na zile za nadra ziepushwe nacho.

Wapo wanaoshikilia kuwa kila skrubu na kila waya vibaki vilivyotoka kiwandani, la sivyo chombo hakiwi cha kale tena. Rai hii ina heshima yake, lakini inapima mwili na kusahau kazi. Kapasita iliyokauka ndani ya amplifaya ya valvu haina ukale wa kuhifadhiwa. Ina mvumo unaofunika maneno, na pengine hatari ya moto. Itolewe, iwekwe katika bahasha, na fundi aandike tarehe na alichokibadilisha, kama mhariri anavyoweka tanbihi. Kinachostahiki lawama ni kubadilisha kimya kimya. Hali kadhalika wapo wanaosafisha sauti kwa kompyuta mpaka mkwaruzo wote utoweke. Mkwaruzo na *sh* ni jirani wa karibu, na anayemfukuza mmoja bila ya uangalifu humfukuza na mwenziwe. Nakala ghafi lazima ibaki, ili anayekuja baadaye aweze kusoma upya.

Na liko jambo dogo lenye kuangamiza kuliko yote. Sahani za plastiki huweza kupanguswa kwa maji yenye spiriti kidogo. Sahani za lakiri huyeyuka kwa spiriti. Mtu mwenye nia safi kabisa, kwa kitambaa laini kabisa, anaweza kuifuta beti nzima kwa dakika moja. Maji safi na tone la sabuni isiyo kali, kisha kukaushwa mara moja, yanatosha.

Kwa hiyo fundi anapokabidhiwa kinanda cha santuri cha kufufua, akabidhiwe na sahani ya wimbo wa Kiswahili, na kazi isipokelewe mpaka mtu asiyeujua wimbo ule aweze kuandika maneno yake kutoka kwenye spika, kina kwa kina. Penye shaka, sindano ibadilishwe, mwendo upimwe tena, sauti za juu zirudishwe, na shairi lisikilizwe upya. Kinanda kitakachofuzu mtihani huo kinaweza kuwa na mbao iliyopasuka na shaba iliyofubaa, na bado kikawa bora kuliko vingi vinavyometameta sebuleni. Vanishi inaweza kupakwa mwakani. Mfereji uliokwanguliwa leo hauna mwakani.