Jinsi makala milioni 85 zilivyokatwa vipande ili zisipotee

Mei 2021 watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walianza kuhamishia kwenye diski zao za nyumbani maktaba nzima ya Sci-Hub, tovuti inayotoa bure makala za kulipia: makala za kisayansi milioni 85, terabaiti 77. Hawakuwa na ofisi wala bajeti. Chombo chao kilikuwa BitTorrent, mfumo wa kugawiana mafaili ambao Bram Cohen aliutoa mwaka 2001.

Walikuwa na sababu ya kuharakisha. Sci-Hub, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, ilikuwa imeshashindwa kesi Marekani mwaka 2017, mahakama ikaamuru kampuni ya uchapishaji ya Elsevier ilipwe dola milioni 15. Desemba 2020 Elsevier, Wiley na Chama cha Kemia cha Marekani wakafungua kesi nyingine Delhi, na Sci-Hub ikasimamisha upakiaji wa makala mpya. Mwezi uliofuata akaunti yake ya Twitter ikafungwa. Tovuti kama hiyo ikizimwa, kila anayeitegemea hukosa makala siku hiyohiyo.

Sehemu ya kazi hii inayostahili kutazamwa kwa karibu ni namna mzigo ulivyokatwa. Kila makala ina namba ya mfululizo. Makala 1,000 hufungwa katika furushi moja la zip, na mafurushi 100 hufanya torenti moja. Kwa hiyo torenti zilikuwa 850, kila moja yenye makala 100,000 na wastani wa gigabaiti 90 hivi. Mwenye diski ya terabaiti moja aliweza kubeba kumi. Hesabu ilipangwa kwa kumfikiria mwenye uwezo mdogo, na hapo ndipo ilipopatia. Tena haikufuata masomo. Ingekuwa hivyo, tiba ingegombewa na jiolojia ingekosa wa kuitunza.

Je, utaaminije faili ulilopewa na mtu usiyemjua? Torenti hukatwa vipande vidogo, na kila kipande kina alama yake iliyokokotolewa kwa kanuni ya SHA-1. Kipande kikifika, programu hukokotoa upya na kulinganisha. Kisipolingana hutupwa, na kingine huombwa kwa mtu mwingine. Kwangu hili ni kubwa kuliko kasi ya kupakua. Nukta ya desimali ikihama kwenye kipimo cha dawa, mgonjwa anaweza kufa. Lakini alama hiyo huthibitisha tu kwamba nakala imefanana na ile ya mwanzo. Kama utafiti wenyewe ulikosewa, kosa nalo hutunzwa.

Kilichobaki ni faharasa, na bila hiyo kazi yote ingekuwa bure. Ni hifadhidata tofauti inayounganisha DOI ya makala, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, na namba yake ya mfululizo. Makala yenye namba 45,678,912 imo katika torenti inayoanzia 45,600,000, ndani ya furushi linaloanzia 45,678,000. Asiye na faharasa angelazimika kufungua mafurushi 85,000.

Udhaifu wa mpango huu nao upo wazi. Kwa programu za kawaida, anayetaka makala moja ya megabaiti moja hulazimika kuvuta furushi zima, karibu gigabaiti nzima, na kwa mwanafunzi anayenunua bando hiyo si njia ya kusomea. Hili ni ghala la akiba. Na ghala lenyewe hudumu mradi watu waendelee kuwasha kompyuta zao na kuwagawia wengine. Hakuna mkataba unaowabana.

Uchungu wa makala kutofikiwa na wanaozihitaji naupata Liberia. Mwaka 2015 maofisa wa afya wa huko walieleza katika New York Times kwamba makala ya 1982 ilikuwa imeshaonya kuwa Ebola ingeweza kutokea nchini mwao. Moja ya makala za aina hiyo iliuzwa dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki wa daktari.

Makala nyingi za Sci-Hub zina hakimiliki ya wachapishaji, na kuzisambaza kunavunja sheria za nchi nyingi. Mbinu yenyewe, hata hivyo, haina kosa. Julai 2011 mtaalamu wa programu Greg Maxwell alitumia torenti kusambaza makala 18,592 za Philosophical Transactions, jarida la Royal Society ya Uingereza, zilizochapishwa kabla ya 1923, ambazo Marekani hazikuwa tena na hakimiliki. Oktoba mwaka huohuo Royal Society ikafungua bure makala zake zote zenye umri wa zaidi ya miaka 70.

Basi wewe mtafiti wa Dodoma, Eldoret au Bukavu, kabla hujasaini mkataba na jarida, soma kifungu cha hakimiliki. Weka nakala yako kwenye hazina ya kidijitali ya chuo chako kwa leseni huria, ili yeyote mwenye diski aweze kuitunza na kuigawa bila kumwogopa hakimu.