Swift Sport Yatua Theta, na Mjadala Umeshika Moto

Nimeiendesha! Suzuki Swift Sport ya manjano, ya turbo, ya gia za mkono, imetua hapa kwetu Theta moja kwa moja kutoka bandari ya Mombasa, stika za Kijapani zikiwa bado zimeganda kwenye kioo cha mbele, na mwenyewe kanirushia ufunguo kama mtu anayejua vizuri atakachosikia nikirudi. Nilirudi sina la kusema, kisha maneno yakanijia yote kwa mpigo. Gari hili ni dogo, ni jepesi, ni kali, na kwa barabara zetu za kati ya Ruiru na Thika sijaona gari la kifamilia la bei ya kawaida linaloweza kulifikia.

Tuanze na uzito, maana siri yote imo humo. Kilo 970! Huo ni uzito wa Vitz ya kupelekea watoto shule. Sasa chini ya boneti weka injini ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140, na msokoto wa nyutoni mita 230 unaopatikana injini ikifika mizunguko 2,500 tu kwa dakika. Ukisoma tarakimu hizo kwenye karatasi huwezi kukisia kinachotokea ukikanyaga mafuta katika gia ya tatu unapoingia Thika Superhighway kutoka Kenyatta Road. Hakuna kungoja. Hakuna injini kupiga mayowe huku gari likijikokota. Mgongo unabanwa kitini, skrini ndogo katikati ya mita inaonyesha turbo ikijaza hewa, na lile lori la mchanga lililokuwa mbele yako unaliona kwenye kioo cha nyuma.

Na gia zenyewe! Ni sita, zinaingia kwa mwendo mfupi wenye mlio mdogo wa kuridhisha, na klachi ni laini kiasi kwamba foleni ya Ruiru jioni haitakuumiza goti. Viti vimekumbatia kiuno bila kubana. Usukani umekatwa bapa upande wa chini, na ukiugeuza kidogo tu pua ya gari inageuka nao papo hapo. Nilipiga kona ya kwanza nikacheka peke yangu kwa sauti.

Basi nikalirudisha pale kituoni tunapooshea magari, na hapo ndipo Jumapili ilipochemka.

Anayeijua Theta anajua kwamba alasiri ya Jumapili, baada ya kanisa na nyama, wenye magari madogo ya mbio hukusanyika mahali hapo kwa kisingizio cha kuosha. Kulikuwa na Polo GTI mbili, Demio ya dizeli, Honda Fit RS na Swift Sport ya kizazi cha nyuma, ile ya injini ya 1.6 isiyo na turbo. Boneti zote zilikuwa wazi. Kila mtu alikuwa na hoja, na nilizisikiliza zote kwa heshima kwa sababu hawa ni watu wanaotia mafuta kwa pesa zao na kulala chini ya magari yao wenyewe.

Mwenye Polo alianza, na alianza kwa nguvu. Polo GTI ya kizazi chake ina injini ya 1.4 yenye turbo pamoja na pampu nyingine ya hewa inayozungushwa na mkanda, nguvu za farasi karibu 180, na ikisimama taa nyekundu ikaruhusiwa, itafika kilomita 100 kwa saa kabla ya Swift. Hilo ni kweli na halina ubishi. Kwenye lami iliyonyooka, Polo itaiacha Swift. Lakini Polo ina uzito wa zaidi ya kilo 1,200, na ukigawanya uzito kwa nguvu, magari haya mawili yanakaribiana mno: kila farasi wa Swift anavuta karibu kilo 6.9, na wa Polo ni vivyo hivyo au pungufu kidogo sana. Kilo zile mia mbili na ushee za ziada hazipotei lakini. Unazihisi ukifunga breki, unazihisi kwenye kona, unazihisi kwenye tairi zinavyoisha. Tena, gia zake otomatiki za klachi mbili kavu ni tamu barabara ikiwa wazi, ila foleni ya kusogea hatua kwa hatua huzipasha moto, maana klachi hushika na kuachia bila kupumzika. Mtu anayekwenda Nairobi na kurudi kila siku ya kazi lazima alifikirie hilo kabla ya kutoa pesa.

Nitasema neno la upendo kuhusu Volkswagen hata hivyo, kwa sababu sisi wa huku tuna haki ya kujivunia. Desemba 2016 ilianza kuunganishwa Polo Vivo hapa hapa Thika, kwenye kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kiwanda kile kile kilichoanza miaka ya 1970 kikiitwa Leyland Kenya. Polo Vivo si GTI, lakini kijana wa Thika ambaye ameona bodi za magari zikifungwa injini mjini kwao haangalii gari kwa jicho la mtu wa kando. Mjadala wa kiufundi unaosikika kwenye vijiwe vya huku una kina, na ninaamini kiwanda kile kimechangia.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo karibu kila mtu husahau anaponunua gari kwa kutazama karatasi: hewa. Theta iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 14, na injini isiyo na turbo huvuta kile tu inachopewa na anga. Ile Swift Sport ya zamani, ZC32S, iliandikwa farasi 136 kiwandani. Kwa hewa ya hapa, hesabu ya haraka inakupa kama 117. Honda Fit RS iliyoandikwa 132 inabaki na kama 113. Magari mazuri yote mawili! Fit RS ina nafasi ya ndani inayoshangaza na gia za mkono zenye ladha, na ile 1.6 ya Suzuki ina wimbo wa injini ambao turbo haitaupata kamwe ukiipandisha karibu mizunguko 7,000. Mwenye nayo aliiwasha tukaisikia, na mwili ulinisisimka. Lakini ili upate nguvu zake lazima uipandishe huko juu, na barabara zetu hazikupi nafasi hiyo mara nyingi. Turbo ya hii mpya inazunguka kwa bidii zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Ndiyo maana tofauti ya farasi wanne kwenye karatasi inakuwa pengo kubwa ukipandisha gari kutoka mtoni kwenda Gatundu.

Nikisema hivyo mwenye Demio ya dizeli anatabasamu, na ana haki. Injini yake ya 1.5 ina turbo pia, na ikiwa na gia otomatiki hutoa msokoto wa nyutoni mita 250, zaidi ya Swift! Inapanda mlima bila jasho na kunywa mafuta kwa kiasi. Ni gari la busara sana, na kama unakwenda mbali mara kwa mara ningekwambia ulitazame kwa makini, kwa kuwa kichujio cha moshi cha dizeli hutaka safari ndefu za kujisafisha, si vipande vya kutoka nyumbani hadi dukani. Lakini farasi zake ni 105, na injini inachoka mapema ukiisukuma. Inasukuma vizuri kisha inakuaga. Swift inasukuma na kuendelea kusukuma.

Barabara ya kwenda Gatundu ndiyo iliyomaliza ubishi wote kichwani mwangu. Unaacha mashamba ya kahawa, vilima vinaanza kukaribiana, kona inafuata kona, lami inapanda na kushuka mabonde ya mito. Nilikaa kati ya kilomita 40 na 80 kwa saa, ndani ya mabango yote, na kila sekunde ilikuwa sherehe! Gia ya tatu inatosha karibu kila kitu. Unaingia kona, unaachia mafuta kidogo, pua inajielekeza ndani, unakanyaga tena na gari linajirusha kuelekea kona inayofuata. Shokapu za Monroe ni ngumu lakini zina adabu. Zinakuambia kuna shimo bila kukugonga nalo uti wa mgongo. Huu ndio uzuri wa gari jepesi ambao watu wa Subaru kubwa hawajauonja. Kuipata raha ya WRX kwa ukamilifu inabidi uvunje sheria. Raha ya Swift unaipata ukiwa raia mwema, na hilo lina maana kubwa kwenye barabara ambako watu wanavuka kwa miguu na bodaboda zinachomoza kutoka kila kichochoro.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue. Tumbo la gari liko milimita 120 tu kutoka ardhini. Njia za murramu za ndani ya Theta, hasa msimu wa mvua ndefu zinapochimbika mitaro, zinataka dereva mwenye subira, na matuta yasiyo rasmi ambayo wakazi hujijengea lazima uyapande kwa mshazari. Nilipofika kwenye tuta moja lenye mawe nilisimama, nikashuka, nikalitazama, nikapita polepole sana. Tairi ni 195/45 kwenye rimu za inchi 17. Ukuta wa tairi ni mwembamba na shimo moja baya linaweza kuharibu rimu. Buti ni la lita 265, yaani ununuzi wa wiki utaingia lakini gunia la viazi litakaa kiti cha nyuma. Na kiwandani Japani walilikusudia litumie petroli ya oktani ya juu. Ukiweza kulitilia V-Power au inayolingana nayo, fanya hivyo, kwa sababu turbo na mafuta hafifu si marafiki.

Kuhusu gharama, hapa Swift ina karata nyingine ambayo wengi hawaioni. Ushuru wa kuingiza gari ni asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, na 25 kwa ile ya 1.6. Halafu VAT ya asilimia 16 inakaa juu ya vyote, pamoja na zile ada ndogo za asilimia 2.5 na 2. Piga hesabu: kwa kila shilingi 100,000 za thamani ya forodha, gari la 1.4 linalipa takriban 92,000, wakati la 1.6 linalipa takriban 100,000. Yaani hapa gari lenye nguvu zaidi barabarani ndilo linalotozwa kiwango cha chini! Sijui soko lingine la magari ya mbio ambalo sheria ya kodi inakupa zawadi kama hiyo.

Lakini muda haukungoji. Kanuni ya kutoingiza nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane inakata mwaka mmoja kila Januari. Swift hii ilizinduliwa Japani Septemba 2017, na kufikia Januari 2026 zilizosajiliwa kwa mara ya kwanza 2018 na kurudi nyuma zimeshafungiwa mlango. Kwa upande wa kiwandani nako, Suzuki ilitangaza toleo la mwisho Desemba 2024. Kwa hivyo idadi iliyopo duniani ndiyo hiyo, na za gia za mkono zinagombaniwa hata huko Japani kwenyewe. Ukiiona yadi, tazama karatasi ya mnada kwanza, lala chini uangalie kama bampa ya mbele imekwaruzwa kwa ndani, washa injini ikiwa baridi, na ukanyage mafuta ukiwa gia ya nne kwenye mlima uone kama klachi inateleza.

Za otomatiki pia zipo, zenye gia sita za kweli, na mwenye Polo anasisitiza kwamba kwa foleni yetu hizo ndizo za mtu mwenye akili. Tumebishana hadi maji ya kuoshea yakakauka kwenye magari. Mimi nasema gia za mkono, na nitasema hivyo hivyo kesho. Amejibu kwa kutaka tukutane Kiamburing, kwenye lami iliyofungwa, ambako magari hushindana na saa na hakuna mpita njia wa kuhatarishwa. Vizuri sana! Mwenye Fit RS amesema naye atakuja, na yule wa Demio ameuliza kama dizeli zinaruhusiwa. Leteni zote.