Kwenye Tafu Hakuna Namba Tatu

Mimi ni namba tatu. Si beki mzuri, na nalisema mapema kabla walioniona nikicheza hawajalisema. Sina kasi, mguu wa kulia ni wa kutembelea tu, na boli ya kichwa huwa naipiga nikiwa nimefunga macho. Lakini kwa miaka mitano nilicheza kila Jumapili upande wa kushoto wa uwanja mmoja wa vumbi huku Eastlands, na miaka miwili sasa nacheza Alhamisi usiku kwenye tafu, watano kwa watano, chini ya taa. Watu husema ni mpira uleule, umepunguzwa tu. Mimi naona ni michezo miwili inayotumia boli moja.

Vipimo kwanza, kwa haraka. Uwanja wa watu kumi na mmoja kisheria una urefu wa mita 90 hadi 120, na goli lina upana wa mita 7.32. Futsal, mchezo uliobuniwa na mwalimu Juan Carlos Ceriani mjini Montevideo mwaka wa 1930 ili uchezwe ndani ya ukumbi wa YMCA, ina goli la mita 3. Tafu zetu za Nairobi hazifuati vipimo vya mtu. Zinafuata ukubwa wa ploti iliyobaki kati ya pahali pa kuosha magari na kanisa.

Na lazima niseme ukweli, tafu ni tamu. Hakuna ofsaidi, hakuna kungoja. Ukipoteza boli, sekunde tatu baadaye unaitafuta tena. Msee akikupiga chobo, kesho yake bado inaongelewa kwenye grupu. Jumapili moja kule vumbini nilihesabu: kipindi kizima niligusa boli mara sita, na mbili kati ya hizo nilikuwa narusha. Alhamisi naigusa mara sita kabla jasho halijatoka. Tena kwenye tafu tunacheza na wasichana watatu, mmoja wao ndiye anayetufundisha adabu kila wiki. Kule vumbini, miaka mitano, sikuona msichana akiingia uwanjani ila kuuza maji. Ukitaka kuusifu mpira wa watu kumi na mmoja, anza kwa kukubali hilo.

Lakini uwanja mkubwa una kitu ambacho tafu haiwezi kuwa nacho: kazi ya mtu asiye na boli. Mimi nilikuwa nazuia mawinga wenye kasi mara mbili yangu kwa kusimama tu mahali ambapo hawakutaka nisimame. Kocha wetu, mzee wa makamo aliyekuwa akitufokea kutoka kwenye kivuli cha mwarobaini, alikuwa na neno moja kwangu: "Baki!" Nilibaki. Kuna akili ndani ya kubaki, na kuna namba kumi na moja tofauti ili watu kumi na mmoja tofauti wapate pa kuwekwa: mrefu asiyejua chenga, mfupi mwenye maneno mengi, mnene anayeogopwa kwenye kona. Kwenye tafu wote tunatakiwa kuwa mtu mmoja, mwenye pumzi na mguu mwepesi. Asiye hivyo anaenda golini, tena kwa zamu.

Halafu kuna ile orodha.

Kila Jumatano jioni orodha inawekwa kwenye grupu: majina kumi, na alama ya tiki kwa aliyetuma pesa. Kwangu ni 300. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo naishi kwa makala kama hii, zinazolipwa zinapolipwa. Kuna Jumatano moja sikuwa nazo. Nikaandika kwamba leo sitaweza. Hakuna aliyenitukana, hakuna hata aliyeuliza kwa nini. Dakika nne baadaye: "Poa buda, kuna msee ameingia." Jina langu likafutwa, lingine likaandikwa palepale, na tiki yake.

Nilikaa nikiitazama hiyo simu kwa muda. Kule vumbini, Jumapili niliyochelewa kuamka, walituma mtoto aje abishe geti. Mama akafungua akidhani kuna msiba. Mtoto akasema, "Wanasema bila yeye wako kumi." Nilienda na kandambili, njumu mkononi. Sijawahi kuhitajika hivyo na ofisi wala darasa lolote.

Sasa, nisije nikaufanya uwanja wa vumbi kuwa mbinguni. Mwaka uliofuata tuliingia dimba la mtaani lililokuwa na zawadi ya pesa. Unajua dimba hizi. Iliyo maarufu zaidi jijini ni Koth Biro ya Ziwani, jina lenye maana ya "mvua inakuja" kwa Kijaluo, na mojawapo ya utamu wake ni kuona wachezaji wa ligi kuu wakirudi kuvaa jezi za mtaa ligi inapopumzika. Utamu huo una upande wa pili, hata kwenye dimba ndogo kama letu. Tulipofika nusu fainali alikuja msee na begi jipya, akapewa jezi yangu. Kocha hakuniambia lolote. Kule pia nilifutwa, tofauti ni kwamba nilikuwepo, nimekaa kando ya chaki, na watu walioninyima nafasi walilazimika kuniangalia usoni wakija kunywa maji. Mmoja aliomba msamaha. Sijui kama hiyo ni bora. Mimi niliona ni bora.

Alhamisi bado naenda nikiwa nazo. Jumapili nimeanza kurudi, ingawa upande mmoja wa uwanja umewekewa mabati na kona ya kushoto inapigwa kutoka pabaya. Wiki iliyopita tulifika tisa. Wapinzani walikuwa kumi na watatu, wakatupatia wawili. Mmoja alikuwa kijana wa miaka kama 17, namba tatu kwelikweli, mwenye kasi na kichwa anapiga macho wazi. Nikahamia namba mbili, na mguu wangu wa kutembelea.